Walinifundisha Kusoma Barabara kwa Sauti

"Sema ulikuwa unaendesha wewe!"

Ndivyo alivyoniambia mzee Ernesti, mwalimu wangu wa udereva, huku machungwa yakiendelea kubingirika barabarani...

Mbele ya lori letu kulikuwa na baiskeli imejikunja. Pembeni yake kalala dada wa watu. Hatikisiki!

"Mzee, mimi? Usukani si ulikuwa mkononi mwako?"

"Haroub, nisikilize, watu wanakuja. Mimi nikishikwa, leseni inafutwa na mafunzo yako yamekufa. Wewe ni mwanafunzi, umedhaminiwa. Bwana Murtaza atakutoa leo hii hii. Ndiyo desturi ya kampuni."

"Desturi gani hiyo?"

"Hama kiti, mwanangu!"

Jamani... nikahama.

Najua kuna mtu keshakimbilia kuandika huko chini, "mimi ningekataa." Ungekataa wewe! Hebu tulia kwanza nikueleze nilikuwa nani mwaka ule wa 1990.

Nilikuwa kijana wa Pemba. Bei ya karafuu imelala, nyumbani hakuna la kushika. Nina mchumba, Samira, nampenda mpaka naumwa. Baba yake akaniambia mbele za watu, binti yake haolewi na mtu asiye na kazi ya kueleweka. Nikavuka, nikaja Tanga, nikafikia kwa shangazi yangu Chumbageni.

Enzi hizo ndiyo mambo yanafunguliwa. Juzi tu sabuni tulikuwa tunaipangia foleni, leo mitumba inakufuata mlangoni. Lakini upande wa pili mashamba ya mkonge yanapunguza watu, viwanda vya umma vinafunga, malori yao yanauzwa kama chuma chakavu. Bwana Murtaza, mwenye duka la vipuri mjini, akanunua manne. Akabandika tangazo getini.

VIJANA WANATAKIWA. MAFUNZO YA UDEREVA WA MALORI BURE. LESENI JUU YA KAMPUNI.

Bure! Nikaona Mungu kanikumbuka.

Siku ya kwanza nikatia saini karatasi sikuisoma vizuri. Kwamba nikifuzu, nitaitumikia kampuni miaka miwili. Miaka miwili kitu gani? Mimi nawaza leseni na Samira tu.

Mafunzo yenyewe yalikuwa hivi. Wiki mbili unaosha lori, unajaza maji, unafungua tairi mpaka kiuno kinalia. Wiki mbili nyingine rivasi ndani ya yadi, katikati ya mapipa. Halafu unakabidhiwa kwa mwalimu, mnaingia barabarani.

Mwalimu wangu ndiye mzee Ernesti, Mbondei wa Muheza, miaka thelathini kwenye usukani. Lori ambalo mafundi wamelikatia tamaa, yeye analigonga mara mbili na linawaka. Nilimheshimu kama baba.

"Sikiliza, Haroub," akaniambia safari ya kwanza. "Dereva si mikono. Dereva ni macho. Kabla hujashika usukani lazima ujue kuisoma barabara. Isome kwa sauti, nikusikie."

"Kwa sauti?"

"Kila kitu. Ng'ombe, shimo, mtu. Ndivyo tunavyofundisha hapa."

Basi nikawa nasoma!

"Shimo kushoto, mzee. Mama na mtoto wanavuka. Basi linakuja, limetanua. Mbuzi wawili kulia."

"Safi sana. Endelea."

Wiki zikawa miezi. Mwezi wa tatu, wa tano, wa tisa! Tanga hadi Korogwe, Korogwe hadi Tanga, mimi nasoma tu kama muadhini. Usukani naushika yadini tu, barabarani hapana.

Nikiuliza leseni ya kujifunzia, karani ananijibu, "Ipo ofisini."

Mkataba wangu je? "Upo ofisini."

Lini nitapelekwa kufanya jaribio? "Muulize mwalimu wako."

Samira ananiandikia barua, baba yake ameshaanza kuwakaribisha wageni. Mniambie nyie, moyo unakaaje?

Asubuhi ya siku ile, tukiwa tunatoka yadini, nikamkabili mzee.

"Mzee Ernesti, shikamoo. Jaribio langu lini?"

"Marahaba. Bado."

"Bado nini? Mimi barabara hii naijua shimo kwa shimo!"

"Nimesema bado, kijana."

Nikanuna. Ndiyo, nilinuna, mtu mzima na akili zangu. Tulipoipita Pongwe nikafunga mdomo. Nikasema leo sikusomei, jisomee mwenyewe!

"Haroub, barabara inasemaje?"

Kimya.

"Haroub... barabara inasemaje?"

Kimya.

Paa!

Mengine mmeshayasikia. Nilihama kiti, watu wakatukuta mimi niko nyuma ya usukani. Polisi wakanichukua. Jua likazama, Bwana Murtaza hakuja. Kesho yake hakuja. Wiki ikapita!

Nilimwona mahakamani. Amekaa benchi la nyuma, anaangalia viatu vyake.

Karani wake akaapa, kisha akasema bila kupepesa, "Hatuna mwanafunzi wa jina hilo. Huyu ni mpakizi wetu wa mizigo."

Mpakizi! Miezi tisa!

Akaitwa mzee Ernesti. Moyo ukatulia. Nikasema huyu hawezi kuniacha, huyu ni baba yangu.

"Mheshimiwa, niliteremka kujisaidia. Nikasikia lori linaondoka. Kijana alilichukua bila ruhusa."

Nililia mbele ya watu. Sioni aibu kuwaambia.

Nikapigwa miaka mitatu jela kwa kifo cha yule dada. Samira alingoja mwaka mmoja, kisha kwao wakamwozesha. Habari niliipata kwa barua ya mistari minne. Kitu kimoja tu kilinipa nguvu ya kuamka kila asubuhi mle ndani. Mimi sina kosa. Nilikuwa nalala na neno hilo, naamka nalo, naliwazia mpaka kwenye kulima. Sina kosa!

Siku niliyotoka sikwenda hata kwa shangazi. Nilikwenda moja kwa moja Muheza, kwa mzee Ernesti. Nilikwenda kumpiga, nisiwafiche.

Nikamkuta saa sita mchana, amekaa kibarazani, mkewe mama Dorkasi anamkatia chungwa na kumwekea kiganjani, kipande kwa kipande. Nikasimama mbele yake kabisa, hatua mbili. Ananitazama usoni, hashtuki. Anatafuna tu.

Nikasema kwa hasira, "Shikamoo, mzee."

Chungwa likamdondoka.

"Haroub?"

Alinijua kwa sauti.

"Mzee... huoni?"

"Sasa sioni kabisa. Wakati ule nilikuwa naona kidogo. Mtoto wa jicho, tangu mwaka themanini na saba. Lami nilikuwa naiona, ile weusi wake, na gari kubwa likija. Watu ndio sikuwa nawaona."

Nikakaa chini.

"Bwana Murtaza alijua?"

"Alijua. Madereva wazima wote walikimbilia malori ya kwenda nje ya nchi, kwenye pesa nzuri. Mimi peke yangu ndiye niliyeweza yale makuukuu. Nilimwambia, nipe kijana mwenye macho, nitaendelea kukuendeshea. Kabla yako walikuwa wawili."

"Walipata leseni?"

"Nani ampe leseni? Ukipata leseni unaondoka. Mimi nabaki na nani?"

Mama Dorkasi akaanza kulia taratibu, kitenge mdomoni. Mzee akainua uso upande wangu, akasema polepole, bila ukali wowote, "Nilikuuliza mara mbili, Haroub."

Nilikuja kumpiga mtu. Niliondoka sina hata nguvu ya kumuaga.

Vijana wangu, siku hizi naona matangazo ya mafunzo ya malori yamerudi kwa kasi, kampuni inakulipia kila kitu. Sikukatazi. Ila makaratasi yako shika mwenyewe, ukiambiwa yapo ofisini, geuka urudi kwenu. Muulize bosi, mwanafunzi wako wa mwisho aliyefuzu anaitwa nani, niende nikamwone? Na usikubali kuhama kiti kwa ajili ya mtu yeyote, hata kama unamwita baba.

Mimi leseni sikupata tena. Nafunga magunia sokoni, nina miaka hamsini na tisa.

Msiniandikie pole, maana kuna jambo sikumwambia hakimu, wala mzee Ernesti, wala mtu yeyote mpaka leo.

Yule dada aliitwa Mwanasiti. Alikuwa amevaa kanga ya njano, anasukuma baiskeli yenye tenga la machungwa, ameligeuzia lori mgongo. Nilimwona tangu yuko mbali. Nilimwona vizuri kabisa... nikajua mzee naye anamwona, nikaendelea kununa.