Tumbo la Mama Ernestine na Treni ya Kasaji

Mi Ernestine, muke wa Tata Kazadi, tumbo langu linajulikana Kolwezi nzima. Likinguruma kanisani, batu ba benchi ya nyuma banacheka. Siku hizi nacheka pamoja nabo. Mwaka jana nilikuwa nalia.

Mutoto wetu Jocelyne alikuwa anaolewa kule Kasaji, safari ya treni. Niliogopa tumbo litanikamata njiani, mbele ya batu. Nikamwambia Tata Kazadi aende peke yake.

Ugonjwa ulianzia gare, kituo cha treni, miaka mingi iliyopita. Wakati siye batu ba Kasai tulifukuzwa Katanga, tulilala pale juma sita tukingojea treni. Maji yalikuwa machafu. Nikahara damu, karibu nife. Jirani yetu Henriette, infirmière, muuguzi wa hospitali, mutu wa Katanga, alitutoa pale akatuficha kwake. Dawa ikaniponyesha, lakini tumbo halikutulia. Leo linafunga, kesho linahara, na maumivu kila siku.

Nilifikiri uchafu wa gare umebakia ndani. Basi kila Jumamosi nilijipiga lavema ya pilipili, maji ya kusukuma nyuma kwa mupira, sawa mama yangu alivyotufanyia batoto bote. Nilijisemea, dawa ya moto ni moto.

Kabla ya ndoa, Henriette alinipeleka kupimwa. Hakukuwa na damu, homa wala bidudu, na sikukonda. Akauliza nafanya nini nyumbani. Niliposema pilipili, alishika kichwa.

"Mama Ernestine, tumbo lina balinzi," akasema. "Balipigana na bidudu, bakashinda. Lakini kwa batu bengine, balinzi bamoja banabakia macho. Chakula kinapita tu, bo banaamsha tumbo nzima. Woga unabachokoza pia. Na weye unabatupia pilipili."

"Kumbe mi mwenyewe njo nabasumbua?"

"Weye. Lavema inaisha leo."

Alisema banganga ba hospitali bangali banachunguza, na si kila mugonjwa eko vile. Alisema pia ugonjwa huu hauui, ila damu, homa ao kukonda bikitokea, nikimbie hospitali. Nikaanza kula bukari, ugali wetu, kidogo kidogo, bila haraka. Maharagwe yalinisumbua, nikayapunguza. Asubuhi natembea. Mupira wa lavema, Tata Kazadi anapulizia moto wa mbabula, jiko la makaa.

Maumivu yalipungua, hayakuisha yote, lakini nikaamua kwenda ndoa. Siku ya safari, pale gare, niliona ukuta tuliolala chini yake, na tumbo likanguruma. Henriette akanishika mukono, tukapanda. Kasaji nilicheza mpaka kiatu kikakatika.

Safari hii hakuna mutu aliyetufukuza. Tulienda benyewe, na tikiti ya kurudi ilikuwa mufukoni.