Fataki za Bei ya Januari

Kabati la chuma lilikuwa wazi, na kitasa hakikuvunjwa. Ruben ndiye aliyelikuta hivyo, saa tatu kasorobo asubuhi, Jumatatu moja ya Juni 2009, alipofungua duka la vifaa vya kulengea shabaha pale Stechford, Birmingham. Yarabi! Akasimama na funguo mkononi. Rafu ya juu, yenye maboksi arobaini ya fataki za bunduki kubwa, ilikuwa tupu. Rafu ya chini, fataki za bunduki ndogo zilikuwa zimejipanga kama kawaida. Baruti nayo ilikuwepo.

Fataki ndiyo inayowasha baruti ndani ya risasi. Mlengaji anayejijazia maganda yake mwenyewe hana la kufanya bila hiyo. Na mwaka ule Wamarekani walizinunua mpaka viwanda vikaelemewa. Boksi la pauni ishirini na tano mwezi wa Januari, sasa watu waliligombania kwa hamsini, kubwa na ndogo bei moja.

Sajenti Mwanamkasi, mpelelezi mzaliwa wa Tanga, alifika saa nne. Akaanza na mwenye duka, Walter, Mkenya aliyeishi Birmingham miaka thelathini.

"Funguo ni ngapi, mzee?"

"Mbili tu. Moja yangu, moja ya Ruben." Walter akashusha pumzi. "Madam, huyo kijana ni kama mtoto wangu. Nilimpa kazi wakati hakuna mtu alimtaka. Sasa unataka niseme nini?"

Haya, alikuwa ameshasema.

Ruben alihojiwa chumba cha nyuma. Alikuwa mkimbizi kutoka Uvira, Kongo, na wiki ileile alikuwa akingoja barua ya kumruhusu kubaki nchini. Shtaka moja tu la wizi, basi: yeye, mkewe Immaculée na mtoto wao wangeweza kurudishwa walikokimbia.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Kwa kanisa, Ladywood, na bibi yangu Immaculée. Ufunguo ulilala kwangu, Madame, sikatale. Lakini miye sikuiba. Ningeuzisha kwa nani? Bila permis, kibali ya bunduki, hakuna mutu anaweza kununua ile kitu, na walengaji wote banajuana."

"Umeongea na nani tangu asubuhi?"

"Patron tu, mzee Walter. Alinihurumia. Alinambia nikimbie Leicester kwa ndugu yangu, leo leo, kabla munikamate."

Mwanamkasi akaliandika hilo. "Usiende popote, kaka. Umenisikia?"

Mtu wa pili wa kushukiwa alikuwa Idarous, Mzanzibari muuza magodoro wa Perry Barr na mlengaji sugu. Ijumaa alimfokea Walter mbele ya wateja, akaapa kwamba atajichukulia haki yake kwa mkono wake. Sajenti alimkuta stoo, kakunja uso.

"Nilisema, afande, sikatai. Klabu yetu nzima ya walengaji tulimlipa Januari, kwa bei ya Januari, maboksi arobaini. Kila wiki kesho, kesho! Pekua ukitaka."

Akapekua. Akakuta mfuko wa maganda matupu, na fataki hata moja hakuna.

"Arobaini hizo, za bunduki kubwa?"

"Kubwa tupu. Ndogo za nini?"

Mwanamkasi akakaa juu ya godoro. "Bwana Idarous, nisaidie jambo moja."

Kesho yake asubuhi Idarous akaingia dukani, akanunua kopo la mafuta ya bunduki, akamwambia Walter kama mtu anayepiga soga: kontena la fataki limeshuka bandarini, wiki ijayo bei inarudi chini. Mwanamkasi alikuwa ndani ya gari ng'ambo ya barabara, Ruben kiti cha nyuma ili asipate wazo la kutoroka. Mkubwa wa Mwanamkasi kituoni alikuwa amempa hadi jioni, kisha Ruben ashtakiwe.

Saa saba ikapita. Saa nane ikapita. Mkubwa akapiga simu mara mbili, na Mwanamkasi hakuipokea. Ruben alikuwa akisali kwa sauti ya chini, na sala yenyewe ilikuwa inampotea katikati.

Saa tisa Walter akafunga duka. Wakamfuata hadi kwenye gereji ya kukodi, alikokuwa akingojwa na mlengaji wa mji mwingine. Boksi la kwanza lilipotoka, Mwanamkasi akashuka garini.

"Hizo zimefikaje huku, mzee?"

Walter akalisukuma boksi nyuma ya mguu wake.

"Mwizi wa kweli angebeba rafu zote mbili, bei si ni moja? Huyu alichagua zilizolipiwa tu. Zikiibiwa, unairudishia klabu pesa za Januari, halafu wewe unauza kwa bei ya Juni. Na leo ulivyosikia bei inashuka, ukashindwa kungoja."

"Duka lilikuwa linakufa, madam. Nilitoa ahadi Januari. Nani alijua bei itapanda hivi?"

Ruben alikuwa ameshashuka. "Patron, na ile ya Leicester?"

Walter akageuka kufunga mlango wa gereji.

"Ungekimbia, nani angemtafuta mwizi mwingine?" Mwanamkasi akamjibia.

"Barua yangu ya kuomba kubaki ni wewe ulinisaidia kuandika," Ruben akasema. "Mwaka muzima nilikuita baba."

"Sikutaka wakurudishe," Walter akasema. "Nilitaka tu uende mbali."

Jioni Ruben alipanda hadi kwake, ghorofa ya tisa, Ladywood, bila kazi, na barua bado haijaja. Immaculée akamfungulia akiwa amevaa koti, mtoto mgongoni, begi mkononi.

"Patron alipiga simu mchana," akasema, macho mekundu. "Alisema watakufunga, nipande basi na mutoto, nisikungoje. Tunaenda wapi, Ruben?"

Ruben akampokea begi, akalifungua palepale mlangoni, akaanza kutoa nguo za mtoto.