Jina la Kijiko

Haya, tegueni hiki: nyumba ina watu kumi na mmoja, wote wana majina ya uongo, lakini mwongo ni mmoja tu. Ni nani?

Mmeshindwa? Tulieni, jibu linakuja.

Osaka, 1986. Saa sita na nusu mchana.

Hatsue alikuwa akikimbia sokoni, ndara za ofisini miguuni.

Mbele yake pikipiki ya Honda ilipenya kati ya wanunuzi, imebeba sanduku la mabakuli ya tambi. Ndani ya bakuli mojawapo, chini ya tambi, mlikuwa na chipu moja, ndogo kuliko kidole. Ndani yake, mchezo wa video uliotengenezwa kwa mwaka mzima, umebakiza majina ya watengenezaji tu. Ingevuka bahari, wezi wangeuza nakala kabla ya kampuni yenyewe. Kampuni ingekufa.

Redio ya Sony ilimkwaruza sikioni.

"Unamfuata nani?"

"Mleta tambi."

"Jana ulisema ni yule mama!"

Hatsue aliongeza mbio.

Uso ulimwaka. Dakika kumi nyuma, chipu ilipopotea, alikuwa ameumwaga mkoba wa Mama Okuma, mtunzi wa muziki, ofisini mbele ya wote. Mwaka mzima Idara ya upelelezi, iliyompandikiza Hatsue pale, ilikuwa ikipokea ripoti zake: mama hutoka kila adhuhuri, hurudi na mkoba umetuna.

Yalidondoka matonge mawili ya wali. Karatasi ya moja iliandikwa: *La Kijiko.*

Kijiko ndiye Hatsue. Pale ofisini kila mmoja wa wale kumi na mmoja alipewa jina la utani, nalo ndilo linalotokea mwisho wa mchezo, ili kampuni nyingine zisiwanyakue mafundi. Lakini wenzake walijuana majina ya kwao. Yeye, hata jina la kwenye barua ya kazi lilikuwa la kubuni; la Hatsue hakuna pale aliyelijua.

Mama aliinama, akaokota wali.

"Ungeomba tu, mwanangu. Nilikuwa nakuletea."

Hapo ndipo Hatsue alipomwona mleta tambi akitoka haraka na bakuli ambalo halikuguswa.

Sasa, mbele yao, kizuizi cha reli kilishuka. Honda ikakwama.

Hatsue aliruka, akaupinda mkono wa dereva mpaka goti likagusa lami.

"Dada, ni tambi tu!"

"Lete basi. Sijala."

Chipu ilikuwemo, imelowa mchuzi.

"Kazi imekwisha," redio ilisema. "Ondoka. Usiage mtu."

Alirudi.

Ofisini hakuna aliyemtazama. Aliiweka chipu mezani, akainama mpaka nywele zikagusa mbao. Akavaa viatu vyake, akaelekea mlangoni, mgongo umenyooka.

"Kijiko!" Mama Okuma alikuwa na kalamu na karatasi ya majina ya mwisho wa mchezo. "Nakuuliza tangu asubuhi. Nikuandike nani?"

"Mwandike Mpekuzi," alisema Yokozeki, mchoraji.

Hakuna aliyecheka.

"Nyamaza wewe. Nimemuuliza yeye."

Redio ikakwaruza tena. Hatsue aliichomoa sikioni, akaitia mfukoni.

"Hatsue," alisema, macho chini. "Nitsuma Hatsue, mama. Ndilo nililopewa nyumbani."