Mpira wa Petroli

Kila akirudi kutoka shule, Wegesa alivua sare, akavaa ovaroli iliyomzidi kimo na kuingia gereji ya baba yake pale mtaani Kamunyonge. Baba huyo, Mzee Hezron, alikuwa akiunda gari lake mwenyewe: bodi ya pikapu kuukuu, injini ya gari jingine. Binti huyo wa miaka kumi na mitatu ndiye aliyekuwa fundi mwenzake.

"Leo utafunga mpira wa petroli kwenye injini," baba alimwambia. "Ni huu mweusi, mnene, wenye nyuzi ndani. Pima kwanza, ndipo ukate."

Wegesa hakupima. Alikata, mpira ukawa mfupi, na mwingine haukuwapo. Kwa kuogopa kugombezwa, alichukua kipande cha mpira laini wa kumwagilia bustani, akakifunga na kukizungushia tepu nyeusi. Baba alichungulia, akaona weusi tu.

"Safi!" akasema.

Wegesa aliinamisha uso.

Jumamosi walianza safari ya Butiama kwa bibi. Mama yake, Scholastika, alimpakata Dennis, mtoto wa mwisho, aliyekuwa amelala fofofo. Hawajafika mbali, harufu ya petroli ikaanza kuingia ndani.

"Gari jipya hilo," baba alicheka. "Litazoea."

"Wegesa, unakuwaga na maneno mengi safarini," mama alisema. "Leo vipi?"

"Hamna kitu, mama."

Harufu ilizidi. Walipoanza kupanda kilima, injini ikakohoa, ikakohoa tena. Wegesa akamtazama Dennis aliyelala mdomo wazi, pumzi zikipanda na kushuka. Alijua, na wengine hawakujua.

"Baba, zima gari! Zima!"

"Kuna nini?"

"Ule mpira sio wenyewe! Niliweka wa maji!"

Baba alisimama kando ya barabara, akazima, akawasukuma wote mbali. Injini ilipopoa ndipo akafungua boneti. Tepu ilikuwa imebanduka. Mpira ulikuwa umevimba na kulainika kama utumbo, petroli ikidondoka karibu kabisa na bomba la moshi. Mama alimkumbatia Dennis kwa nguvu.

Baba alimpigia simu fundi Lameck, naye akaja na pikipiki akiwa na mpira mweusi. Baba akampa binti yake.

"Funga wewe."

"Naogopa, baba."

"Ogopa, lakini funga. Mara hii nitakagua kwa mkono. Nami nilikosea kusifu kazi ambayo sijaishika."

Wegesa alipima, akapima tena, akakata. Baba alivuta kila kibano, akaridhika. Kisha akachuchumaa mbele yake.

"Mpira wa maji hauwezi petroli wala joto. Ungeniambia umekata vibaya, ningekugombeza kidogo, yakaisha. Kosa ukilisema, mwanangu, tunalitengeneza pamoja. Ukilificha, unatupakia wote juu yake."