Maji ya Kwanza ya Paa la Kasha

Kila asubuhi kabla ya kengele, Cibalonza alifagia kando ya tangi la shule yao ya mtaa wa Kasha, kisha akakagua bomba lililoshuka kutoka paani, ambalo liliweza kuelekezwa tangini au nje. Wiki hiyo zamu ilikuwa yake. Tangi lilipokea maji ya mvua kutoka kwenye paa la darasa jipya, lililojengwa na mjomba wake, fundi Gaston, mwaka huo wa 2000, vita vilipofunga barabara na saruji ikawa adimu.

Gaston alijenga kwa akili. Matofali yake yalikuwa ya udongo ulioshindiliwa na kukaushwa kivulini bila kuchomwa, kwa hiyo hakuna mkaratusi hata mmoja uliokatwa. Madirisha yalitazamana ili upepo upite na mwanga uenee, maana umeme ulikuwa wa kubahatisha. Mwalimu Emérence aliwahi kuwaonyesha gazeti lenye picha za majengo ya nchi za mbali: moja lilioteshwa nyasi juu ya paa, jingine lilikuwa na kuta nene za kutunza ubaridi, jingine lilikinga mvua kama lao. Wazazi walilipitisha gazeti mkono kwa mkono wakilisifu. Darasa la Gaston waliliita la kimaskini. Jambo hilo lilimkera Cibalonza mno.

Jumatatu ilinyesha mvua ya kwanza baada ya kiangazi. Jumatano watoto saba walianza kuhara. Alhamisi wazazi walikutana uani, na papa Stanislas, mwenyekiti wa kamati yao, akaja na nyundo.

"Hii nyumba ya udongo njo inagonjwesha batoto," alisema. "Mutoto yangu Olive iko analala, hana nguvu. Tunaivunja, na tangi yake. Tutakata ile miti ya juu, tuchome matofali ya kweli."

Miti hiyo ndiyo iliyoshikilia mlima juu ya shule. Cibalonza alichemka. Yaani mtu ambaye hakubeba hata tofali moja aje kubomoa kazi ya miezi minne kwa nyundo ya kuazima?

"Papa Stanislas, unamuonea tonton wangu," alisema akimwonyesha mjomba wake, aliyekuwa kando ya tangi. "Hii nyumba ingekuwa ya Ulaya, mungeisifu."

"Basi utuambie wewe, mutoto. Maji iliharibika namna gani?"

Gaston alikuwa ameinamia bomba, akaingiza kidole ndani, kikatoka na tope jeusi na unyoya wa ndege.

"Paa ilikusanya vumbi miezi tatu," alisema. "Njo maana nilisema maji ya kwanza imwangwe inje, mupaka itoke safi. Nani alikuwa na zamu?"

Wanafunzi walijua, lakini walitazama chini. Cibalonza aliikumbuka Jumatatu, mkono wake ukiwa juu ya bomba. Kila siku yeye na mama yake waliteremka kisimani na bidoni zao, madumu ya kuchotea maji, na kila siku askari wa kizuizi cha barabarani waliwanyang'anya bidoni moja. Sasa maji yalikuja yenyewe, naye ayamwage? Alishindwa.

Alitazama nyundo, akamtazama mjomba wake aliyetukanwa bure. Hasira yote aliyokuwa nayo kwa Stanislas ikamgeukia yeye mwenyewe.

"Ni mimi," alisema. "Niliona uchungu kumwanga maji. Niliacha bomba kwenye tangi. Na nikanyamaza."

Stanislas aliiweka nyundo chini. Siku hiyohiyo tangi lilimwagwa, likasuguliwa na kupakwa chokaa, naye Stanislas mwenyewe akashika brashi. Watoto walinyweshwa maji yaliyochemshwa, yenye sukari na chumvi, na kufikia Jumapili Olive alikuwa anakimbia.

Mvua iliyofuata ilimkuta Cibalonza amegeuza bomba nje. Maji ya rangi ya chai yalitiririka bondeni, naye aliyatazama kwa uchungu mpaka yakatakata. Gaston alisimama kando yake.

"Hasira yako ilikuwa ya haki," alimwambia. "Lakini nyumba haina kinywa ya kujitetea. Paa ilifanya kazi yake, bomba ilifanya yake. Wewe njo ulikuwa na kinywa. Siku nyingine, ukikosea, useme mapema, mbele ya nyundo kufika."

Cibalonza aliitikia kwa kichwa, akaligeuza bomba kuelekea tangini.