Reptilia wa Mzee Belarmino

Asubuhi ile treni ya kutoka Crato kwenda Juazeiro ilijaa pomoni: wanafunzi, wauza jibini, mahujaji na kofia zao za ukindu. Iraneide aliingia kwa kusukumwa, gauni lake la buluu lina vumbi la chokaa kwenye pindo, kifuani amekumbatia kitu kilichofungwa kwa blanketi la mtoto. Gari la makumbusho alikofanya utafiti lilikuwa limekataa kuwaka, na miadi ya hospitali ilikuwa haingoji.

"Dada, kaa hapa." Mwanamume mmoja aliinuka. Mrefu, shati jeupe limenyooshwa vizuri, ananukia limau. "Usisimame na mtoto."

Miguu ilikuwa ikimwuma. Iraneide akakaa, wala hakukanusha.

"Ana umri gani?"

"Miaka milioni mia na kumi hivi."

Abiria waligeuka. Yule bwana akainama, akafunua ncha ya blanketi, akakutana na fuvu la jiwe lenye meno yaliyochongoka kama misumari.

"Mh! Kamfuata baba yake?"

"Kamfuata shangazi," Iraneide akajibu, na kicheko kikawashika wote wawili hadi kituo cha mwisho.

Waliagana hapo. Nusu saa baadaye Iraneide alisukuma mlango wa chumba cha skani, akamkuta bwana yuleyule amevaa koti la daktari.

"Mama mtoto!" Daktari Valdenio aliita. "Kumbe mgonjwa wangu wa saa tatu ni huyu?"

Wakalilaza fuvu kwenye kitanda cha mashine. Mashine ilipokuwa ikizunguka, ikipiga picha za ndani ya jiwe, Valdenio aliuliza, "Sasa huyu ni ndege wa aina gani?"

"Usinitusi, daktari. Si ndege, si popo, wala si dinosau. Ni reptilia wa kuruka, ana ukoo wake mwenyewe. Ndege ana manyoya. Popo anatandaza vidole vinne. Huyu anaruka kwa kidole kimoja tu." Akaushika mkono wa Valdenio, akainua kidole. "Hiki, cha nne. Chake kilirefuka kupita kiwiliwili, ngozi ikashuka kutoka hapo mpaka mguuni. Na mifupa yake ni mitupu ndani, myembamba kama kadi."

"Umeshika kidole cha pete, bibie."

"Nimeshika cha nne. Tulia."

Lakini hakukiachia haraka.

Akamweleza lililomtoa jasho miaka yote hiyo. Jamaa za reptilia hao walitofautishwa kwa mikia, shingo, meno, na kwa undu, ule upanga wa mfupa kichwani kama wa jogoo. Undu wa huyu ulisimama juu ya ncha ya mdomo, mrefu kuliko wa jamaa yake yeyote anayejulikana. Ikithibitika, ni spishi mpya, na Iraneide angeipa jina la baba yake. Mzee Belarmino, mkata mawe wa Santana, ndiye aliyelipata fuvu hilo, akawafukuza wanunuzi wa magendo, akamletea binti yake. Sasa mapafu yake yalikuwa yameliwa na vumbi.

"Namfahamu," Valdenio alisema kwa upole. "Picha za kifua chake nazisoma mimi."

Siku chache baadaye alimpigia simu.

"Picha za kichwa zimetoka safi, mpenzi. Ila za undu zimeharibika. Mashine ilisumbua."

"Umeniita nani?"

"Nimesema zimeharibika."

"Kabla ya hapo."

"Ah! Simu nayo inasumbua."

Mapenzi yao yalishika kasi. Jioni walikula wali wa kunde na jibini barazani kwa Mzee Belarmino, na mzee aliwatania hadi akakohoa. "Daktari, binti yangu anapenda vilivyokufa. Wewe una nafuu gani?" Valdenio alicheka, lakini kila Iraneide alipotaja undu, aliinamia sahani. Alipomwomba warudie zile picha, mashine ilikuwa na foleni. Wiki iliyofuata, ilikuwa na fundi. Iraneide hakushuku. Mambo ya hospitali yanajulikana. Na undu wenyewe aliuona kwa macho yake; mkono wa baba yake ndio uliousafisha, na mkono ule hakuwahi kuutilia shaka.

Siku ya kulitambulisha fuvu mbele ya watafiti wenzake, alivaa suti ya kijani, nywele amezibana juu. Baba yake aliketi safu ya mbele na kofia magotini. Iraneide alikuwa ameshalitamka jina jipya, pale mtafiti mmoja mgeni kutoka kusini mwa nchi alipoomba ruhusa, akazima taa za ukumbi, akawasha taa ndogo ya zambarau.

Fuvu likabaki na giza lake. Chini ya undu ukang'aa mstari mweupe, tambarare, kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Gundi," mgeni alisema, bila furaha. "Pole sana, mwenzangu. Huu undu umebandikwa."

Iraneide alitoka hadi uani, akapiga simu.

"Valdenio. Ulijua?"

Upande wa pili mlango ulifungwa.

"Nakuuliza, zile picha ziliharibika?"

"Hapana. Zilitoka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Siwezi kukwambia kwa nini, Neide. Naomba..."

"Umeniacha nisimame pale kama zuzu! Mbele ya baba yangu! Usinipigie tena."

Iraneide alishika neno lake. Kila Valdenio alipompigia, alizima simu. Alijifungia maabara, akawa anaondoa gundi kwa sindano, punje kwa punje, macho mekundu. Undu wa bandia ulipodondoka, chini yake ukaonekana mfupa wenyewe: undu wa asili, mfupi, wa mviringo, umemegeka kidogo ukingoni. Aliupima, akaulinganisha, akajua. Mnyama huyu alikwisha kupewa jina zamani, kabla hajazaliwa yeye. Spishi mpya haikuwapo.

Jumapili alimwambia baba yake alichokikuta chini ya gundi. Mzee alisukuma sahani pembeni.

"Ni mimi, mwanangu."

"Wewe nini, baba?"

"Nilipolivunja jiwe, nyundo ilimega ukingo wa undu. Nikaogopa. Nilikuwa na kipande cha mnyama mwingine, nikakibandika kwa gundi na unga wa jiwe, nacho kikapendeza. Nilitaka kukuletea kitu kizima. Ningejuaje kwamba ungekipa jina langu?" Alikohoa, akangoja pumzi irudi. "Daktari alipoziona picha, nilikuwa mgonjwa wake siku ileile. Aliniuliza. Nikakiri, nikamwapisha asikwambie. Kila nikija ananisihi, mzee, mwambie mwanao. Nikawa nasema kesho."

Iraneide alitaka kufoka. Akaitazama mikono ya baba yake, kucha zimepasuka kwa mawe, akaondoka mezani, akalia jikoni. Kisha akarudi, akamsogezea sahani.

"Kula, baba. Chakula kinapoa."

Alasiri ile Juazeiro ilikuwa imefurika mahujaji wa Kandelaria, sikukuu ya mishumaa ya Bikira Maria, kila mmoja na mshumaa wake. Alimkuta Valdenio kwenye hema la huduma karibu na kanisa, mikono ya shati ameikunja, anafunga malengelenge ya mama mmoja aliyetembea kutoka Pernambuco. Iraneide akasubiri foleni. Zamu yake ilipofika, Valdenio aliinua macho, bendeji ikamponyoka.

"Baba ameniambia," Iraneide akasema.

"Nashukuru Mungu."

"Mimi bado sijashukuru. Angekuapisha tena, ungenificha tena?"

Valdenio aliiokota bendeji. Foleni ilikuwa inanung'unika nyuma.

"Siri ya mgonjwa ningeitunza," alisema. "Lakini nisingekudanganya habari ya mashine. Ningekwambia, Neide, usisimame mbele za watu bado, na usiniulize sababu. Hilo ningeweza. Niliogopa ungeuliza tu, na uso wangu ungejibu. Hapo nilikukosea, na kosa ni langu, si la mzee."

"Ningeuliza kweli."

"Najua."

"Daktari, mapenzi baadaye, mguu wangu unavuja!" kikongwe mmoja alipaza sauti, na hema zima likacheka.

Iraneide hakucheka. Alikuwa amekuja na maneno mengi makali; akayaacha. Alichukua beseni la maji ya uvuguvugu, akapiga magoti mbele ya kikongwe, akaanza kumwosha mguu.

"Baba anasema hana miezi mingi," alimwambia Valdenio bila kugeuka. "Jina lake halitaingia kwenye vitabu. Nataka walau ashuhudie harusi."

"Harusi ya nani?"

"Huyu daktari mgumu wa kuelewa!" kikongwe alishangaa. "Anakuposa, wewe!"

Valdenio alipiga magoti upande wa pili wa beseni, maji yakimlowesha suruali.

"Iraneide. Unasema kweli?"

"Nina hasira na wewe bado. Zitaisha kwa mwendo wake. Unakubali au hukubali?"

"Nakubali."

"Basi nipe taulo."