Dhamana Yenye Sharti

Mkahawa wa mahakama ya Nagpur ulifurika mchana ule wa Mei, na kiti pekee kilichobaki kilikuwa mbele ya Tushar Bokare. Ketaki Wankhede, katika sari ya pamba ya manjano, jasho likimchuruzika shingoni, hakuomba ruhusa. Aliketi, akaiangalia sahani ya Tushar ya poha, mchele uliopondwa na kukaangwa kwa viungo.

"Hiyo poha unaila au unaitazama tu?"

"Naitazama."

"Basi sogeza huku."

Tushar akacheka, mara ya kwanza tangu polisi waanze kumuulizia. Alikuwa mhasibu wa chama cha akiba ambacho mwenyekiti wake alitoroka na fedha za wanachama. Hesabu za uongo zilikuwa na sahihi yake. Aliambiwa atie, akatia bila kuuliza. Sasa wakili alikuwa akimwombea dhamana kabla hajakamatwa. Tushar alimwambia Ketaki tu kwamba ana shauri la kazini.

Wakapeana namba. Ikawa kila jioni, akishafunga duka lake la dawa, Ketaki anampigia. Tushar alikuwa amehamia chumba cha kupanga ng'ambo ya mji, ambako majirani hawakumjua, na tangu mchana alikuwa akiingojea simu hiyo.

"Umekula, bwana mpweke?"

"Biskuti."

"Biskuti si chakula, mpenzi. Hiyo ni kesi nyingine."

Jioni moja Ketaki akamweleza kilichompeleka mahakamani. Mama yake, Sushama, mjane, aliweka kiinua mgongo chake chote katika chama kimoja cha akiba. Akakitaja jina. Kilikuwa kile kile alichofanyia kazi Tushar. Angeweza kusema pale pale. Hakusema, wala kesho yake, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza kama amekula.

Siku ombi liliposikilizwa, karani aliita jina la Tushar, mhasibu wa chama, naye akasimama. Ketaki, aliyeketi na mama yake katika benchi la wanachama, alimtazama, kisha akainuka akatoka nje. Hakuusikia uamuzi: polisi wasimkamate kwa sasa, mradi aende kuhojiwa kila anapoitwa, naye asizungumze na mwanachama yeyote wala jamaa zao, kwa njia yoyote, la sivyo dhamana itafutwa.

Ketaki akamkabili ukumbini alipotoka. "Ulinisikiliza nikimlilia mama yangu, na ulikuwa unajua. Sema kitu, Tushar."

Wakili alimshika Tushar mkono. Tushar akainamisha macho, akapita.

Jioni ile simu iliita. Aliiweka kitandani akaitazama mpaka ikanyamaza. Haikuita tena. Akawa anakula wima, runinga ikiwa imewashwa ili chumba kiwe na sauti. Kila alipoitwa kuhojiwa, aliwaambia polisi yote, na kosa lake mwenyewe, na mashamba ambayo mwenyekiti aliyaficha kwa jina la shemeji yake.

Aliyegundua ukweli ni Sushama. Mpelelezi aliwaambia wanachama kuwa mashamba yamepatikana kupitia kwa mhasibu. Sushama akanung'unika kwamba mtu huyo hakumjibu hata Ketaki; ndipo akaelezwa lile sharti.

"Hakukukimbia," alimwambia Ketaki alipofika nyumbani. "Amefungwa mdomo."

"Alinificha, Mama."

"Alikuficha. Utamgombeza mwenyewe, siku atakayoruhusiwa kujibu."

Siku dhamana hiyo ya muda ilipothibitishwa mahakamani, wakili wa wanachama alisimama kumwombea Ketaki aondolewe katika lile sharti. Jaji alimtazama binti, akamtazama na mhasibu, akakataa. Mama alikuwa shahidi. Hadi atoe ushahidi wake, sharti litabaki.

Ketaki na mama yake walikutana na Tushar mlangoni. Ketaki alisimama, uso ameuelekeza kwa mama yake.

"Mama, kesi hizi huchukua muda gani?"

"Miaka. Wengine huzeekea humu."

"Basi nitazeeka," Ketaki alisema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Ugomvi wangu naye haujaisha, na sitaki kuumaliza na mtu mwingine."

Tushar alikuwa hatua mbili tu kutoka kwao. Alilisikia kila neno. Aliwaacha washuke ngazi, akangoja wapotee getini, ndipo akatoka peke yake kwenye jua.